Bili ya Nyuklia Ataibeba Nani?

Maswali ya wasomaji kuhusu umeme. Anajibu Mzee wa Swichi, mhandisi mstaafu, Mombasa.

Shikamoo Mzee. Mimi na shemeji yangu tumenuniana tangu Idi. Yeye anafanya kazi ya kompyuta Nairobi, na hoja yake ni moja tu: kama Microsoft, Amazon na Google, wenye akili zote na pesa zote, wanakimbilia nyuklia, basi sisi tulioandamana kuikataa pale Uyombo, hapa Kilifi, serikali ilipotaka kutujengea mtambo wa nyuklia, ni washamba. Nikamwambia wao wana lao. Akaniuliza lipi, nikakosa la kusema. Nipe la kusema.
M. K., Matsangoni, Kilifi

Marahaba, mwanangu. Kwanza mpigie simu shemeji yako. Watu hawanuniani miezi kwa ajili ya mtambo ambao haujachimbiwa hata msingi. Pili, hoja yake usiitupe nzima, maana nusu yake ni kweli.

Ni kweli wananunua. Septemba 2024 Microsoft ilitia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya Constellation ili kinu kimoja, yaani mtambo wa kupasulia atomu, cha kituo cha Three Mile Island, Pennsylvania, kifufuliwe. Jina hilo sisi wazee tunalikumbuka. Machi 1979 kinu cha pili cha papo hapo kiliyeyuka sehemu ya kiini chake, na Marekani nzima ikaingiwa na hofu. Kinachofufuliwa ni kile cha kwanza, megawati 835, ambacho hakikuguswa na ajali ile. Kilizimwa 2019 kwa sababu hakikuweza kushindana na umeme wa gesi kwa bei. Mwezi uliofuata Google ikaahidi kununua hadi megawati 500 kutoka vinu vidogo vya kampuni ya Kairos Power, ifikapo 2035. Juni 2025 wakaja Meta, wenye Facebook na WhatsApp yako, wakafunga mkataba wa miaka 20 na kinu cha Clinton, Illinois. Kompyuta za akili mnemba zinakula umeme usiku na mchana bila kupumzika, na nyuklia nayo huzalisha usiku na mchana bila kupumzika. Wamefaana.

Sasa muulize shemeji jambo hili. Three Mile Island hiyo ilianza kazi 1974. Clinton, 1987. Saruji imekauka zamani, na walioilipia ni wateja na wenye hisa wa zama zile, wengine wameshazikwa. Anayekuja leo na mkataba mkononi ananunua umeme wa nyumba iliyojengwa na wengine. Hiyo si dhambi, ni biashara nzuri sana, ila haimfundishi mtu wa Uyombo chochote kuhusu gharama ya kujenga.

Anayetaka kujua bei ya kinu kipya Marekani aende Georgia, mahali panapoitwa Vogtle. Vinu viwili vilipangwa vianze 2016 na 2017, kwa takriban dola bilioni 14. Kimoja kikaanza kazi ya biashara Julai 2023, cha pili Aprili 2024, na gharama ikavuka bilioni 30. Katikati ya safari hiyo Westinghouse, waliovibuni, waliomba hifadhi ya kufilisika, Machi 2017. Na sheria ya jimbo hilo ya 2009 iliruhusu kampuni ya umeme iwatoze wateja gharama za mikopo kabla mtambo haujatoa hata wati moja. Mama wa Georgia mwenye friji moja na taa nne alikuwa akilipia kinu kwa miaka mingi kabla hakijawaka.

Lakini kisa kitamu ni cha Amazon, nacho nataka ukisimulie polepole, kwa sababu watu wa kompyuta hupenda kukiruka. Pennsylvania kuna kituo kingine cha nyuklia, Susquehanna, megawati kama 2,500, mwenye sehemu kubwa ni kampuni ya Talen. Machi 2024 Amazon ilinunua eneo la kituo cha data lililo ubavuni mwa vinu hivyo, kwa dola milioni 650. Mpango ulikuwa kuvuta waya moja kwa moja kutoka mtamboni hadi kwenye kompyuta, bila kupitia gridi, yaani mtandao wa nyaya wa watu wote. Kampuni mbili kubwa za nyaya, Exelon na AEP, zikapiga kelele. Hoja yao: hata ukijifungia waya wako, bado unaitegemea gridi ikushike siku kinu kikizimwa kwa matengenezo, na usipochangia nyaya, mzigo unaoweza kufika dola milioni 140 kwa mwaka utawaangukia wateja wengine. Talen wakaikana hesabu hiyo. Novemba 1, 2024, tume ya nishati ya serikali kuu ya Marekani ikakataa ombi la kuongeza umeme wa waya ule, kura mbili dhidi ya moja. Juni 2025 wakaja na mkataba mpya: Amazon atachukua hadi megawati 1,920, lakini umeme utapita kwenye gridi kama wa watu wengine.

Umeona? Katika ugomvi wote huo hakuna aliyesimama kusema atomu ni mbaya au nzuri. Waligombea nani alipie nyaya. Na si ugomvi wa bure. Gridi ya upande huo inahudumia majimbo 13 pamoja na jiji la Washington, watu zaidi ya milioni 65. Kila mara hufanywa mnada wa kulipa wenye mitambo ili wakae tayari. Katika mnada wa Julai 2024 bei ilitoka dola 28.92 kwa megawati moja kwa siku hadi dola 269.92. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, mitambo mizee kufungwa na kanuni za mnada kubadilishwa zikiwemo, lakini njaa ya vituo vya data ilikuwa mbele. Bei ile huishia kwenye bili za majumbani.

Basi la kumwambia shemeji ni hili: wao wananunua umeme, sisi tunaambiwa tununue mtambo.

Na mtambo wenyewe, tuupime. Mpango uliotangazwa na Kenya ni wa megawati 1,000 kuanzia, kwa kulenga mwaka 2034. Mwanzoni mwa 2025 kilele cha matumizi ya nchi nzima, saa ile ya jioni kila mtu amewasha taa na televisheni, kilikuwa kidogo juu ya megawati 2,300. Saa nane usiku hushuka hadi karibu nusu ya hapo, kiasi kwamba visima vya mvuke wa ardhini vya Olkaria huachwa vipumue hewani kwa kukosa wa kuutumia. Sasa tia humo kinu kimoja cha 1,000. Jioni kitakuwa karibu nusu ya mzigo. Usiku kitakuwa karibu mzigo wote.

Tulipofundishwa kazi tuliambiwa mtambo mmoja usizidi sehemu moja ya kumi ya mzigo wa gridi, na sababu yake nitakuonyesha hapo kivukoni Likoni. Mkokoteni uliojaa mzigo ukipanda kutoka feri unasukumwa na watu. Wakiwa kumi, mmoja akajikwaa, tisa watakaza misuli na gurudumu halitarudi. Wakiwa wawili, mmoja akajikwaa, wewe uliye nyuma ruka pembeni. Gridi ni hivyo hivyo. Chumba cha kudhibiti kina mita ya hezi, yaani mipigo ya umeme kwa sekunde, inatakiwa ikae 50. Mtambo ukianguka, sindano inaanza kushuka, na una sekunde, si dakika, kabla relei, zile swichi za ulinzi, hazijaanza kukata mitaa zenyewe: Changamwe, kisha Kisauni, kisha hospitali zinaanza kupiga simu. Nimeiona sindano hiyo ikishuka zaidi ya mara moja, na sijawahi kuizoea.

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, Kenya karibu yote iliingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Kampuni ya umeme ilisema chanzo kilikuwa kupotea kwa shamba la upepo la Ziwa Turkana wakati likitoa megawati 270. Wenye shamba wakasema la, wao walitupwa nje na hitilafu ya volteji iliyotoka kwenye gridi yenyewe. Nani alianza, mimi simo. Mimi naiangalia namba: 270 ilitosha.

Shemeji atakujibu kwamba kufikia 2034 mzigo utakuwa umekua, na kwamba tayari tumeunganishwa na Ethiopia kwa laini kubwa, na na Tanzania kupitia Isinya hadi Singida. Hoja nzuri hiyo, mpe haki yake. Gridi ikiwa ya ukanda mzima, 1,000 inapungua ukubwa. Lakini hapo ndipo wenye mpango wangeanza: nyaya kwanza. Shamba hilo hilo la Turkana lilikamilika 2017, mitambo 365 imesimama jangwani inageuka bure, kwa sababu laini ya kilomita 428 hadi Suswa haikuwa imekwisha. Ilikwisha Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba ulitaka hivyo, Kenya ilitozwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Huo ulikuwa upepo, ambao ni rahisi. Kinu cha nyuklia kikichelewa, riba ya mkopo wake haijui kuchelewa.

Mimi binafsi siogopi atomu. Nimevuta moshi wa mitambo ya dizeli kwa miaka ya ujana wangu wote, na ukiniuliza kifua changu kilidhurika na nini, si atomu. Hofu yenu ya Mida na Watamu, ya msitu wa Arabuko Sokoke na wavuvi, ni halali na inahitaji majibu, kwa kuwa kinu huvuta maji mengi baharini na kuyarudisha yakiwa ya moto zaidi. Waliowatawanya watu kwa virungu Mei 2024 hawakujibu chochote kati ya hayo. Lakini ukienda kubishana na mtu wa kompyuta, usianze na ajali ya Chernobyl. Anzia kwenye bili.

*

Mzee mwenzangu, habari za Mombasa. Wanafunzi wangu wananishika koo: kama urani iko hapa kwetu Namtumbo, kwa nini umeme wa nyuklia usizalishwe hapa hapa? Mmoja akauliza kama tutaweza pia kutengeneza bomu. Nimewaahidi nitakuuliza.
Mwalimu, Songea

Nzuri, Mwalimu, na huyo wa bomu umkalishe mbele.

Katika kila chembe 1,000 za urani inayochimbwa, ni kama saba tu ndizo za aina inayopasuka kirahisi na kutoa moto. Zilizobaki zipo zipo tu. Vinu vya kawaida vinataka mafuta yenye 30 hadi 50 kwa kila 1,000. Bomu linataka kama 900. Kazi ya kuzipandisha kutoka saba hadi hapo hufanywa na mashine zinazozunguka kwa kasi ya ajabu, na nchi zenye mashine hizo kwa kiwango cha biashara ni chache. Urusi ndiyo inayoongoza. Mgodi wa Mto Mkuju, huo wa Namtumbo, utatoa unga wa njano, utiwe kwenye mapipa, upelekwe bandarini, uende zake. Kati ya unga ule na taa ya darasani kwako kuna viwanda vitatu au vinne ambavyo havipo Afrika Mashariki.

Historia ya mgodi wenyewe unaijua kuliko mimi. Mwaka 2012 kamati ya urithi wa dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe ili eneo la madini libaki nje, na Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio. Mwenye mradi ni kampuni tanzu ya Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba kuwa na mashine hizo zinazozunguka ni jambo zito kuliko kuwa na mgodi, wape kisa cha tajiri mmoja wa kompyuta. Bill Gates, mwanzilishi wa Microsoft, ana kampuni ya vinu iitwayo TerraPower, nayo inajenga kinu cha megawati 345 huko Kemmerer, Wyoming, mji wa makaa ya mawe. Kinu hicho kinataka mafuta yaliyopandishwa kuliko ya kawaida, karibu 200 kwa kila 1,000, na muuzaji wake wa kibiashara alikuwa mmoja tu: Urusi. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, mlango ukafungwa, na Desemba ya mwaka huo kampuni ikatangaza kuchelewa kwa miaka isiyopungua miwili. Mmoja wa watu matajiri kuliko wote duniani, katika nchi yenye vinu vingi kuliko zote, alikwama kwa mafuta. Namtumbo ikiuza unga, bado itakuwa ikiuza unga.

Wapeleke pia Katanga kwa ramani. Urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima nyingi yake ilitoka huko, mgodi wa Shinkolobwe. Kongo ilipata kinu kidogo cha utafiti Kinshasa mwaka 1959, cha kwanza barani Afrika. Hakikuwa cha kuwashia watu taa.

Na nyinyi Tanzania msiwe na haraka. Bwawa la Nyerere pale Rufiji lina megawati 2,115, lakini waliolichora hawakuweka mashine moja; waliweka tisa, kila moja 235. Soma tena jibu la Kilifi hapo juu utajua kwa nini napenda namba hiyo.

*

Assalaam alaykum Mzee. Mimi Mlamu, naendesha lori Imarati, njia yangu ya kwenda mpaka wa Saudia inapita upande wa Barakah. Nayaona makuba manne yale jangwani, kila nikipita najiuliza: hawa walikuwa wavuvi wa lulu kama babu zetu, leo robo ya umeme wao ni nyuklia. Sisi tunangoja nini?
A. S., Abu Dhabi

Wa alaykum salaam, nahodha wa nchi kavu. Barakah ni kazi nzuri na sitaki kuipunguzia. Walitoa zabuni kwa Wakorea Desemba 2009, mkataba wa kama dola bilioni 20. Walianza kumwaga zege 2012. Vinu vinne vya namna moja, kila kimoja megawati 1,400, kimoja baada ya kingine, mafundi wale wale wakihamia cha pili na mikono iliyokwisha zoea. Hilo ndilo jambo Marekani walilolisahau pale Georgia, ambako walianza kujenga kabla michoro haijatulia. Cha nne kilianza biashara Septemba 2024, na robo uliyoitaja ni kweli.

Lakini lipo ambalo halionekani kutoka barabarani. Kinu cha kwanza kilikusudiwa kianze 2017. Kilianza kutoa umeme Agosti 2020. Kuta zilikuwa zimesimama. Kilichokuwa hakijawa tayari ni watu wa kukiendesha, na msimamizi wa usalama wa nchi hiyo alikataa kutoa leseni mpaka wawe tayari. Nampa heko msimamizi yule. Fikiria ujasiri wa karani anayemwambia mfalme subiri. Sasa fikiria pia nani alilipa subira hiyo. Pesa nyingi za mradi zilitoka hazina ya Abu Dhabi yenyewe, na mwenye hazina anaweza kukaa miaka mitatu akiutazama mtambo wake uliozimwa na asilale njaa. Mkopaji wa Nairobi hawezi.

Na viyoyozi vya Imarati peke yake vinakula kuliko nchi yetu nzima. Kinu cha 1,400 pale ni msukumaji mmoja kati ya wengi.

Kwa hivyo tukitaka kuwaiga, tuige yule msimamizi kwanza. Kenya inayo mamlaka ya kudhibiti nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Swali langu kwao huwa ni moja: mtaweza kumwambia waziri subiri?

*

Shikamoo Mzee. Ninasoma uhandisi, mwaka wa pili. Wahadhiri wanatuambia jibu la matatizo yote ni vinu vidogo vinavyotengenezwa kiwandani na kuletwa kwa meli. Unasemaje?
Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Nasema wazo ni zuri na duka halina mzigo.

Kwa gridi zetu kinu cha megawati 70 au 100 kingefaa kuliko cha 1,000. Umeshaona kwa nini. Vipo vichache vinavyofanya kazi kweli. Warusi wana meli yenye vinu viwili, jumla megawati 70, imefungwa bandari ya Pevek kwenye barafu tangu 2019. Wachina wana kinu kinachopozwa kwa gesi ya heliamu pale Shidao Bay, kilichoanza biashara Desemba 2023. Lakini kile Marekani walichokuwa wakikipigia debe zaidi, cha kampuni ya NuScale, kilikuwa kijengwe Idaho kwa ajili ya miji midogo ya Utah na jirani zake. Bei iliyotarajiwa ilikuwa dola 58 kwa megawati-saa. Januari 2023 ikawa 89, tena baada ya kuhesabu msaada wa serikali. Miji ikaanza kuhesabu vidole, na Novemba 2023 mradi ukafutwa. Hakuna aliyelaumu fizikia.

Soma uhandisi wa ulinzi wa gridi, mwanangu. Relei. Popote umeme utakapotoka, hautakosa kazi.

*

Mzee wa Swichi, wewe ni mtu wa pwani na unasema ya pwani. Kilifi wamekataa, sawa. Sasa mradi umeelekezwa kwetu Siaya, ukingo wa ziwa, na sisi tunautaka: barabara, ajira, shule. Mbona mnatuharibia? Na hayo mambo ya taka za nyuklia ni porojo za wazungu wenye mashirika. Pengine wenye umeme wa mvuke wa Olkaria, kule Naivasha, wanakulipa.
Asiyetaka jina, Kisumu

Wenye mvuke hawajanilipa, ingawa wakitaka anwani ninayo. Pensheni yangu inakuja tarehe inayotaka yenyewe.

Siaya mkiutaka ni haki yenu kamili, na sitawaita washamba, kama ambavyo sikukubali wa Kilifi waitwe. Lakini taka si porojo. Mafuta yakitoka kinuni huwa na mionzi mikali mno, huwekwa kwenye bwawa la maji miaka kadhaa yapoe, kisha kwenye makasha mazito, kisha... hapo ndipo nchi nyingi zimekwama. Marekani ilichagua mlima wa Yucca, Nevada, mwaka 1987, wakachimba, wakatumia mabilioni, wakaacha. Mafuta yaliyotumika bado yamekaa ubavuni mwa vinu, likiwemo eneo la Susquehanna la wale rafiki zetu wa kompyuta. Wafini ndio walioendelea: wamechimba mahandaki kwenye mwamba, zaidi ya mita 400 chini, mahali paitwapo Onkalo, na kabla ya yote waliomba idhini ya baraza la mji ule, nalo likakubali kwa kura. Wafini hawana wingi wa ardhi isiyo na watu tu, wana diwani anayeweza kusema hapana. Wapo pia waliopata njia nyingine: Bangladesh, kwa kinu cha Rooppur kinachojengwa na Warusi, iliandikiana nao kwamba mafuta yaliyotumika yarudi Urusi. Kiasi chake si kikubwa ukilinganisha na majivu ya makaa ya mawe. Shida yake ni muda, na serikali zetu hubadilika kila miaka mitano.

Nyinyi ziwa lenu linanywewa na nchi tatu. Ukiitwa kwenye baraza la ushirikishwaji wa umma, nenda mapema, ukae viti vya mbele, na usiulize kama nyuklia ni salama. Hilo wamelizoea, watakupa kalenda na fulana. Uliza kinu kimoja kitakuwa na megawati ngapi, na mwaka huo kilele cha matumizi ya nchi kitakuwa ngapi. Uliza kikichelewa miaka saba kama cha Georgia, riba inaingia kwenye bei ya tokeni au kwa aliyejenga. Uliza laini ya kuutoa umeme Siaya itakamilika kabla ya kinu au baada, na nani ametia saini. Uliza mafuta yaliyotumika yanakwenda wapi, na uonyeshwe kifungu cha mkataba, si mdomo wa mtu. Wakikuambia kampuni kubwa ya kompyuta inakuja kununua umeme wote, uliza kama imeahidi kununua hata siku ile kompyuta zake zitakapohamia nchi nyingine.

Barabara na shule uziombe kando, kwa jina lake. Hizo ni haki yenu hata bila kinu.

Ukipata majibu yenye namba, yaandike na uniletee. Nitayachapisha hapa, pamoja na tusi lako la mvuke.